Siri ya Mgonjwa Haitumwi kwa Simu

Kenya ina Makutano zaidi ya moja. Yako Makutano ya Kapenguria, kule Pokot. Yako Makutano ambapo magari yatokayo Thika hugawana, haya yakishika njia ya Embu na mengine njia ya Sagana. Na yako Makutano haya ninayoyazungumzia leo, mtaa wa mji wa Meru, ubavuni mwa Mlima Kenya. Jina lenyewe linajieleza. Hapo hukutana barabara, hukutana mkulima na mchuuzi, hukutana dereva wa matatu na abiria wake. Na penye kukutana watu, habari nazo hukutana.

Kwa mtu wa Pwani, Meru si ugenini sana. Miraa inayotafunwa Mombasa, Malindi na Lamu hutoka milima ya Nyambene, na mabasi hushuka kutoka huko mpaka kwetu, mwendo wa kilomita kama 700. Mimi nilikwenda kumtazama jamaa yangu mfanyabiashara. Ilikuwa majira ya baridi, ile baridi ambayo mtu wa Mji wa Kale huitwa mzembe kwa sababu hataki kuondoka jikoni.

Jioni ya siku ya pili nilikaa katika hoteli moja ya chai, si mbali na stendi ya matatu. Meza ya jirani walikaa vijana wanne, simu moja ikizunguka baina yao kama kikombe cha kahawa barazani. Kicheko kilikuwa kikubwa, na simu ilipopitishwa kwa mhudumu wa hoteli nami nikaiona. Ilikuwa picha ya eksirei ya tumbo la mtu, na ndani yake kitu ambacho si mahali pake kuwamo. Aliyeituma alikuwa ameandika maneno ya mzaha chini yake. Wakacheka, mpaka mmoja wao akaikuza picha kwa vidole viwili, akasoma maandishi madogo yaliyokuwa pembeni.

"Baite," alisema kwa sauti ya chini, "huyu si yule mzee wa kwa..." Hakumaliza. Kicheko kilikatika. Pale pembeni palikuwa na jina, umri na tarehe, kama ilivyo desturi ya picha za eksirei. Mzee wa watu, ambaye huenda kesho yake angepita pale pale kununua sukari, alikuwa amevuliwa nguo mbele ya hoteli nzima na yeye hana habari.

Picha ile haikutoka sokoni. Ilitoka katika chumba ambacho huingia mgonjwa na mwenye kazi yake tu. Ndiyo maana, msomaji mpenzi, nimeona leo niache habari za ngoma na harusi tulizozizoea katika ukurasa huu, nizungumze juu ya siri ya mgonjwa na mitandao ya kijamii. Kwani hili nalo ni jambo la mila zetu, na tena sasa ni jambo la sheria.

MFICHA MARADHI

Wazee wetu walituachia misemo miwili: mficha uchi hazai, na mficha maradhi kifo humuumbua. Yote miwili yatusukuma upande mmoja, kwamba mbele ya tabibu, sema. Mama aliyejitanda buibui umri wake wote, ambaye hata shemegi yake hajapata kumwona nywele, hujifunua mbele ya daktari kijana anayelingana na mjukuu wake. Mwanamume aliyeheshimiwa mtaani hueleza maradhi ambayo mkewe hajayasikia. Wote wawili hufanya hivyo kwa sharti moja ambalo halisemwi: yaonekanayo mle chumbani yatabaki mle mle.

Twasema pia kwamba siri ya mtungi aijuaye ni kata. Kata huingia ndani ya mtungi, hufika chini kabisa, ikajua kama maji ni safi au yana tope. Lakini kata haipiti mitaani ikitangaza. Tabibu ni kata. Siku kata itakapojifunza kusema, watu watafunika mitungi yao, na kiu itawaua.

Jambo hili halikuanza jana wala halikuanza kwetu. Kiapo kinachonasibishwa na Hippocrates, tabibu wa Wayunani wa kale, kilimtaka mganga anyamaze juu ya yale aliyoyaona na kuyasikia kazini. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, Chama cha Madaktari Duniani kilitunga ahadi mpya ya madaktari mjini Geneva, mwaka 1948, na siri ya mgonjwa ikatiwa ndani. Mwaka 1968 wakaongeza neno zito zaidi: siri hiyo ilindwe hata baada ya mgonjwa kufa. Msomaji naomba aliweke akilini neno hilo la mwisho, tutalirudia.

Huko Meru nako watu wanajua thamani ya kufunga kinywa. Baraza la wazee wa Njuri Ncheke, lenye makao yake Nchiru, lina mambo ambayo asiyekula kiapo chake hayasikii. Nilipomweleza mzee mmoja wa huko habari ya ile picha ya eksirei, alitikisa kichwa, akaniambia: "Sisi mtu akitoboa siri ya baraza, tunamjua na tunamwita. Hawa wa simu mtawaita wapi?"

SIMU NDANI YA WODI

Swali lake nililipeleka kwa muuguzi mmoja, mama mtu mzima, ambaye ameifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 20 baina ya Meru na Embu. Tulisalimiana kwa desturi ya huko. Alisema "Muga," nami nikajibu nilivyofundishwa, akacheka kwa matamshi yangu. Sitamtaja jina, kwa kuwa aliniomba hivyo, na makala juu ya siri haiwezi kuanza kwa kuitoa yake.

"Mzee," alianza, "zamani siri ya mgonjwa ilikuwa na mlango. Faili lilikaa kabatini, ufunguo anao sista mkuu. Aliyetaka kuitoa nje ilibidi aibebe kinywani, na kinywa hakifiki mbali. Sasa kila mtu ana mlango mfukoni mwake."

"Na ni wabaya ndio wanaoufungua, sista?" nilimwuliza.

"Wabaya ni wachache. Wengi wana nia njema kabisa, na hao ndio wanaonitia hofu."

Akanieleza. Afisa wa kliniki yuko peke yake usiku katika zahanati ya kijijini. Analetewa mtoto mwenye upele asioufahamu. Anaupiga picha, anaituma kwenye kundi la WhatsApp la wenzake, na katika dakika chache daktari bingwa aliyeko Nairobi anamwambia ni maradhi gani na ampe dawa gani. Mtoto anapona. Nani atasema jambo hilo ni baya? Lakini kundi lile lina watu 80. Wamo walioacha kazi zamani. Wamo ambao simu zao huchezewa na watoto nyumbani. Simu nyingi huhifadhi zenyewe kila picha inayoingia, ikakaa pamoja na picha za arusi na za Idi. Simu ikiibwa, au ikiuzwa mkono wa pili, yule mtoto huenda nayo. WhatsApp hufunga ujumbe kwa fumbo unapokuwa njiani, ni kweli. Lakini ukishafika kwa watu 80, hilo fumbo limekwisha kazi yake.

Wa pili ni mwenye kujivunia kazi. Kijana amefuzu, anajipiga picha chumba cha upasuaji akiwa na kofia na barakoa, na nyuma yake, kwenye kona ya picha, unaonekana uso wa mtu aliyelala, au ubao wenye majina ya wagonjwa. Kliniki ya watu binafsi nayo inataka wateja. Inaweka Facebook picha ya mguu wa mgonjwa kabla ya kutibiwa na baada ya kutibiwa. Mgonjwa alisema "sawa" pale pale, bado ana maumivu, hana hakika ameulizwa nini.

Wa tatu ni mwenye kuchoka. Amekesha, ametukanwa na mgonjwa, anarudi nyumbani usiku na kuandika hasira zake. Hakutaja jina. Aliandika tu, "Leo nimehudumia mama mmoja..." na yaliyofuata.

Na wa nne, ambaye mimi sikuwa nimemfikiria, ni mwenye kujitetea. Mteja ameandika mtandaoni kwamba kliniki fulani ilimtendea vibaya. Mwenye kliniki anakasirika, anamjibu hadharani: wewe ulikuja kwetu siku fulani, ulikuwa na ugonjwa fulani, na deni letu hujalipa. Pengine yote aliyosema ni kweli. Lakini kwa kujibu hivyo amefungua faili la mgonjwa mbele ya dunia. Hata kukiri tu kwamba mtu huyo aliwahi kulazwa kwako ni kutoa siri.

JINA SI LAZIMA LITAJWE

Wengi hudhani kwamba wakificha jina au wakifunika macho ya mgonjwa kwa alama nyeusi, basi wamesalimika. La hasha. Makutano ni mahali pa watu kujuana. Ukisema "mama mwenye mapacha aliyegongwa na bodaboda Jumanne", soko zima limeshajua ni nani. Na kwetu Pwani ndiyo zaidi. Kitanda cha mgonjwa hutandikwa leso aliyokuja nayo kutoka nyumbani. Piga picha ya kidonda cha mguu tu, lakini jina la leso likionekana, mashoga zake wote watasema, hii ni ile aliyovaa maulidini. Pete, hina, mwanya, kovu, sauti, kila kimoja ni jina.

Sheria ya Kenya imelitambua jambo hilo. Kwayo, mtu anayetambulikana si yule aliyetajwa jina tu. Ni pamoja na yule anayeweza kujulikana kwa namba yake, kwa mahali alipo, au kwa dalili za mwili wake, za utamaduni wake au za maisha yake. Zaidi ya hayo, picha ya simu yenyewe huweza kubeba ndani yake saa na tarehe iliyopigwa, na mara nyingi hata mahali. Mwenye ujuzi mdogo tu huyasoma.

SHERIA INASEMAJE

Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha, na ndani yake imo haki ya habari za nyumba yake na mambo yake ya siri zisitolewe bila ya sababu. Sheria ya Afya ya mwaka 2017, kifungu cha 11, inasema waziwazi kwamba hali ya afya ya mtu, matibabu yake na hata kulazwa kwake hospitalini ni siri. Milango ya kuitoa siri hiyo ni michache: mgonjwa mwenyewe akubali kwa maandishi; mahakama au sheria iamuru; au kunyamaza kuwe ni hatari kubwa kwa afya ya umma. Kwa majibu ya kipimo cha ukimwi, sheria ya mwaka 2006 nayo inakataza kuyatoa bila ya idhini ya maandishi ya aliyepimwa, na lipo Baraza la Hukumu lililoundwa mahsusi kwa mashauri ya ukimwi.

Kisha ikaja Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na hii ndiyo yenye meno. Habari za afya imezitia katika fungu la habari nyeti, na kuagiza kwamba zishughulikiwe na mtoa huduma za afya, au chini ya dhamana yake, au na mtu anayefungwa na wajibu wa kutunza siri. Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambayo Immaculate Kassait aliapishwa kuiongoza Novemba 2020, inaweza kutoza faini ya hadi shilingi milioni 5, au kwa shirika asilimia moja ya mapato ya mwaka uliotangulia, kile kilicho kidogo baina ya viwili hivyo. Adhabu ya jumla ya makosa chini ya sheria hiyo yaweza kufika faini ya shilingi milioni 3, au kifungo cha miaka 10, au vyote viwili. Na aliyedhuriwa ana haki ya fidia hata kama hakupoteza senti moja. Fadhaa peke yake inahesabiwa kuwa ni dhara.

Yako mambo matatu humo ambayo mwenye kliniki ndogo ya Makutano, au ya Kisauni, yafaa ayajue. Kwanza, kwamba yeye ndiye anayetakiwa kuthibitisha kuwa mgonjwa aliridhia; si kazi ya mgonjwa kuthibitisha kwamba hakuridhia. Pili, ridhaa iliyotolewa inaweza kuondolewa, na ya mtoto mdogo hutolewa na mzazi au mlezi wake. Tatu, habari za wagonjwa zikivuja na kukawa na hatari ya kweli ya mtu kudhurika, Kamishna aarifiwe katika saa 72. Wala udogo wa kliniki si kinga. Watoao huduma kwa wagonjwa wanatakiwa kujiandikisha kwa Kamishna hata kama mapato yao ni haba.

Juu ya hayo yote lipo baraza la kila fani, la madaktari, la wauguzi na la maafisa wa kliniki, lenye uwezo wa kumwadhibu mtu wake na hata kumwondoa kazini. Picha moja iliyowekwa kwa dakika moja yaweza kula kazi iliyosomewa miaka mingi.

YALIYOKWISHA TOKEA

Asidhani mtu kwamba haya ni maneno ya vitabuni. Septemba 2023 Kamishna aliitoza shule moja ya Uthiru, Nairobi, shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za wanafunzi bila ya idhini ya wazazi, na ukumbi mmoja wa starehe ukatozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ya ruhusa yake. Ikiwa picha ya mtu akistarehe yagharimu hivyo, seuze ya mtu akiwa kitandani na mpira wa mkojo?

Serikali yenyewe haikusalimika. Februari 2015 lilitoka agizo la Rais la kukusanya habari za watoto wa shule wenye virusi vya ukimwi, walezi wao, na kina mama wajawazito na wanyonyeshao wenye virusi hivyo. Shirika la KELIN na wenzake wakaenda mahakamani, na Desemba 2016 mahakama ikaamua kwamba agizo lile, kwa namna lilivyotaka majina ya watu yafungamanishwe na hali zao, lilivunja haki yao ya faragha. Basi ikiwa Rais amekatazwa daftari, kijana wa maabara atapewa ruhusa gani?

Na tukumbuke mwaka 2020. Mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi. Alipopona, tarehe 1 Aprili, msichana huyo wa miaka 27 alijitokeza hadharani kuwatia watu moyo wasiogope kupimwa. Malipo yake yalikuwa nini? Siku chache hazikupita, mitandao ikajaa matusi, wengine wakimwita mwongo, na picha zake za siri na mazungumzo yake ya faragha yakatawanywa. Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, alilazimika kutaka waliofanya hivyo wakamatwe. Nani baada ya kuona hayo angejitokeza kwa furaha kupimwa?

Hapo ndipo penye hasara kubwa kuliko faini zote. Yule muuguzi aliniambia kwamba wako watu wa Makutano ambao hawapimi kwao. Hupanda matatu wakaenda Embu, au Nanyuki, mahali wasipojuliwa. Mwenye nauli huenda. Asiye na nauli hukaa na maradhi yake mpaka kifo kimwumbue. Kwetu nako nimeyasikia hayo hayo, mtu wa Lamu akavuka maji mpaka Mombasa kwa kipimo ambacho angeweza kukipata kwao.

DARAJA LA NITHI

Baina ya Meru na Embu liko daraja ambalo jina lake watu wa Mombasa hatutalisahau. Jumapili ya tarehe 24 Julai 2022, basi lililotoka Meru kuja Mombasa liliacha barabara kwenye daraja la Nithi likaporomoka bondeni. Watu zaidi ya 30 walikufa.

Usiku ule simu zetu zilianza kulia kabla ya serikali kusema neno. Zilikuja picha. Nakumbuka jirani yangu mmoja akizifungua moja baada ya moja, mkono ukimtetemeka, akitafuta nguo anayoijua. Si hospitali iliyomwita, si polisi. Ilikuwa ni picha iliyopitishwa na mtu, naye kapitishiwa na mtu. Ndivyo wengine siku hizi wapatavyo habari ya msiba: bila ya salamu, bila ya mkono begani, bila ya mtu mzima wa kusema "kaa kitako kwanza".

Hapa ndipo nilipotaka msomaji akumbuke lile neno la mwaka 1968. Maiti naye ni mgonjwa wa mtu. Sisi tunaomwosha maiti nyuma ya pazia, na mwoshaji akawa haruhusiwi kusimulia aliyoyaona, tunalijua hilo tangu utotoni. Twatazamia mhudumu wa mochari na dereva wa gari la wagonjwa walijue vile vile. Lakini je, sisi wenyewe tulioketi nyumbani tukizipeleka mbele picha zile, tulikuwa na udhuru gani?

SI PAZIA LA KUFICHIA UOVU

Nasikia msomaji akiniuliza: je, na pale hospitali yenyewe inapokosea? Tukisema simu zisiingie wodini, hatutakuwa tumewapa wakosaji pahali pa kujificha?

Swali ni la haki, na jibu lake liko Bungoma. Agosti 2013 mama mmoja alijifungua sakafuni katika hospitali ya kaunti huko, akatukanwa na kupigwa na wauguzi. Mtu aliyekuwapo alirekodi kwa simu, na picha zile zikaoneshwa katika televisheni nchi nzima. Mama akaenda mahakamani, na Machi 2018 Jaji Abida Ali-Aroni akaamua kwamba heshima yake na haki yake ya huduma ya afya zilivunjwa, akaamuru alipwe shilingi milioni 2.5. Bila ya simu ile, huenda kesi ingekuwa neno lake dhidi ya neno lao.

Tofauti yake ni ipi? Siri ni ya mgonjwa. Si ya hospitali. Yule mama aliyedai haki ndiye mwenye siri, naye alikuwa na haki ya kuitumia kama ushahidi. Hospitali inapotumia neno "siri" kuficha kosa lake, imejitwalia kitu kisicho chake. Na mfanyakazi anapotangaza maradhi ya mgonjwa ili acheke na wenzake, naye amejitwalia kitu kisicho chake. Mfanyakazi aliyeona uovu ana njia: mkubwa wake, baraza la fani yake, Kamishna, mahakama. Njia hizo ni ndefu, nakubali. Lakini haziwezi kumwumbua tena yule yule aliyekwisha kuonewa.

LA KUFANYA

Kwa wahudumu wa afya, ushauri alionipa yule muuguzi ni mfupi kuliko sheria zote nilizozitaja. Picha ya mgonjwa isipigwe ila kwa haja ya matibabu na kwa ridhaa yake iliyoandikwa. Ikipigwa kwa ajili ya ushauri, apelekewe daktari mmoja anayehusika. Uso, kadi, maandishi ya pembeni na leso viondolewe, kisha ifutwe katika simu. Simu iwe na funguo. Aliyeacha kazi atolewe katika kundi siku ile ile. Anayelalamika mtandaoni ajibiwe neno moja tu: tafadhali fika ofisini tukusikilize. Na asiamini kwamba kinachofutika baada ya saa 24 kimefutika kweli, mwenzako ameshakinakili. Maji yakimwagika hayazoleki.

Kwa sisi wagonjwa, tujue kwamba kusema "sitaki kupigwa picha" si utovu wa adabu, na daktari hana ruhusa ya kukunyima tiba kwa sababu hiyo. Aliyeonewa aandike malalamiko kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Sheria inataka uchunguzi ukamilike katika siku 90. Awahi kuhifadhi ushahidi, yaani ile picha, tarehe yake, na namba iliyoituma.

Na kwa sisi sote tulio nje ya wodi, tusiwasukumie wauguzi mzigo wote. Anayetoa picha ni mmoja. Wanaoifikisha hotelini Makutano, na kutoka Makutano mpaka Mombasa, ni mamia. Kila mmoja wao angeweza kuwa wa mwisho. Siku picha ya namna hiyo itakapoingia katika simu yako, msomaji mpenzi, usiikuze kwa vidole viwili kutafuta jina. Ifute, na umwambie aliyekuletea kwa nini.